Minyoo wa mijusi wa nchi kavu: mwongozo kamili wa kuwatoa, kuwahifadhi na kuwatambua

Kila wanafunzi wanaporudi kutoka kazi ya nje na kuanza kuandika ripoti, swali huwa lilelile: "Huyu ni mnyoo gani?" Picha inayokuja nalo huonyesha mnyoo mweupe aliyejikunja na kusinyaa, mara nyingi hana kichwa, amelala kwenye chupa ya fomalini yenye maandishi "minyoo ya mjusi, Voi". Hakuna mtaalamu atakayeweza kulijibu. Kazi hiyo haikuharibikia kwenye hadubini. Iliharibika siku ileile mjusi alipofunguliwa, ndani ya saa ya kwanza.

Mambo mawili ndiyo huamua kama mnyoo atapata jina: unajua alitoka kiungo gani, na alikufaje. Hatua zote zilizo hapa chini zinalinda mambo hayo mawili. Nimeandika kwa ajili ya mijusi wa maeneo makavu na ya mchanga ya Afrika Mashariki, kuanzia Turkana na Chalbi, kushuka Tsavo na Mkomazi hadi Dodoma: agama wa mawe ambao dume huwa na kichwa chekundu au cha rangi ya chungwa, mijusi wembamba wakimbiao mchangani kama Heliobolus spekii na Latastia longicaudata, na wale mijusi wa usiku wa jenasi Hemidactylus wanaoganda ukutani.

## Kibali kwanza

Mjusi wa porini ni mnyamapori kisheria, hata awe wa kawaida kiasi gani. Kenya utahitaji kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na idhini ya KWS (shirika la wanyamapori). Tanzania utapitia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Uganda ni UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia) na UWA (mamlaka ya wanyamapori). Ongeza idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako. Anza miezi kadhaa kabla, kwa sababu makumbusho hayapokei vielelezo visivyo na karatasi na majarida hayachapishi matokeo yake.

## Je, ni lazima kuua?

Jiulize swali hili kabla ya kununua chochote. Kama unataka kujua tu kama minyoo wapo, kinyesi kinatosha. Kama unataka jina la spishi na idadi kamili, utahitaji minyoo wazima. Hata hapo kuna njia nyingine: mijusi waliogongwa barabarani asubuhi hiyo, na mijusi walioko makumbusho tayari. Mijusi wa Kalahari aliowakusanya mtaalamu wa mijusi Eric Pianka walihifadhiwa makumbusho ya Los Angeles, na miaka mingi baadaye watafiti wengine waliwafungua na kuorodhesha minyoo wao. Uliza sehemu ya wanyama watambaao ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kabla hujaenda porini kuua mijusi ambao tayari wako kwenye rafu. Jua tu kwamba minyoo waliokaa ndani ya mjusi wa fomalini huwa wamesinyaa, na DNA yao huwa imeharibika.

## Vifaa

Vya kupasulia: mikasi miwili midogo yenye ncha kali, vibano viwili vyembamba, sindano mbili zilizochomekwa kwenye vijiti, uzi wa kushonea, brashi nyembamba ya kuchorea, pipeti za plastiki, glavu, na visahani vya petri visivyopungua 8.

Vya kuangalizia: hadubini ya stereo, au lenzi nzuri ya mkono ikiwa uko kambini, na hadubini ya kawaida maabara. Tafuta pia kipande cha plastiki nyeusi cha kuweka chini ya kisahani. Mnyoo mweupe wa milimita 2 haonekani juu ya meza nyeupe.

Vya kuhifadhia: chupa ndogo zenye vifuniko vya skrubu, karatasi ngumu ya lebo, penseli, chupa mbili za chai zinazotunza joto, na kipimajoto.

Vimiminika, na jinsi ya kuvitengeneza:

- Maji ya chumvi: gramu 7 hadi 8.5 za chumvi safi katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji matupu huingia ndani ya mnyoo hai, akavimba na kupasuka.
- Ethanoli 70%: mililita 730 za ethanoli ya 96%, kisha jaza maji hadi lita 1. Usitumie spiriti ya rangi ya dukani. Rangi na viongezo vyake hubaki ndani ya kielelezo.
- Ethanoli 70% yenye glisarini: sehemu 95 za ethanoli hiyo kwa sehemu 5 za glisarini. Siku ethanoli itakapokauka chupani, na siku hiyo hufika, glisarini itabaki imemfunika mnyoo asikauke.
- Ethanoli ya 96% au zaidi, kwa ajili ya DNA.
- Fomalini 10%: sehemu 1 ya fomalini ya dukani kwa sehemu 9 za maji. Hii ni kwa tegu. Itengeneze nje au penye hewa, kwa glavu na miwani.
- Laktofenoli, ya kumfanya mnyoo aonekane ndani. Ina fenoli inayounguza ngozi, na maumivu hayaji mara moja, kwa hiyo osha ngozi upesi hata kama husikii kitu.

Onyo la afya: mijusi wengi hubeba bakteria wa Salmonella bila kuugua. Usile wala usinywe mezani, usivute bomba la pipeti kwa mdomo, na osha mikono kwa sabuni hata kama ulivaa glavu.

## Hatua ya 1: Mfuko mmoja, mjusi mmoja

Weka kila mjusi kwenye mfuko wake wa kitambaa, kivulini. Andika papo hapo spishi, jinsia, urefu wa pua hadi kloaka (tundu la kutolea kinyesi, chini ya mkia) kwa milimita, tarehe, saa, mahali kwa GPS, na aina ya udongo na mimea. Usimpime kwa mkia, kwa kuwa mjusi aliyewahi kukata mkia atakupa kipimo cha uongo.

Mfuko usichanganye mijusi wawili, na usiuoshe kabla ya kuukagua. Minyoo hutoka na kinyesi. Kwenye majangwa ya Amerika Kaskazini kuna mijusi wenye pembe wa jenasi Phrynosoma, na tumboni mwao huishi mnyoo aitwaye Skrjabinoptera phrynosoma. Jike aliyejaa mayai hutoka tumboni akashuka hadi kloaka na kutoka na kinyesi. Sisimizi wavunaji wa jenasi Pogonomyrmex humbeba hadi kwenye kichuguu na kuwalisha mabuu wao, kisha mjusi hula sisimizi na mzunguko huanza upya. Ukitupa kinyesi cha mfukoni huenda umetupa majike waliokomaa, nao ndio wenye mayai unayohitaji kuyapima.

Mchunguze siku ileile. Mjusi akikaa njaa siku mbili mfukoni, hesabu ya minyoo ya utumbo hubadilika.

## Hatua ya 2: Kumuua bila mateso

Kazi hii ni ya daktari wa mifugo au msimamizi aliyeidhinishwa. Njia inayokubalika kwa mijusi wadogo ni sindano mbili za dawa ya MS-222 ndani ya uwazi wa mwili: ya kwanza, iliyopunguzwa asidi, humpoteza fahamu, na ya pili, iliyo kali, humuua. Kipimo hupangwa kwa uzito wake.

Usimtumbukize kwenye friza akiwa hai, na usimfungie na pamba ya klorofomu. Ubongo wa mjusi huvumilia ukosefu wa oksijeni kwa muda mrefu, kwa hiyo mjusi asiyetikisika si lazima awe amekufa. Hata wanaokata kichwa hutakiwa kuuharibu ubongo mara moja.

Umefanikiwa pale ambapo mjusi haitikii ukimgusa jicho, haitikii ukimbana kidole, na moyo umesimama.

## Hatua ya 3: Damu na ngozi kabla ya tumbo

Watu wengi hurukia tumbo. Chukua kwanza tone la damu, litandaze juu ya slaidi liwe jembamba, likauke. Minyoo wa jenasi Foleyella huishi chini ya ngozi na katika uwazi wa mwili wa agama na vinyonga, na mabuu yao huzunguka kwenye damu wakisubiri mbu. Ukiona uzi mrefu mweupe ukipita chini ya ngozi ya ubavu, weka alama mahali hapo kabla ya kukata.

## Hatua ya 4: Fungua na utenganishe

Mlaze chali. Kata ngozi na misuli kutoka kloaka hadi kooni, ncha ya mkasi ikielekea juu ili isitoboe utumbo. Usimguse kwanza. Tazama uwazi wa mwili kwa lenzi na piga picha. Minyoo wanaotembea huru ndani ya uwazi huo hutoweka katikati ya damu na mafuta mara ukianza kuvuta viungo.

Kisha funga uzi sehemu nne, mafundo mawili kila sehemu: umio unapoingia tumboni, tumbo linapokutana na utumbo mwembamba, utumbo mwembamba unapokutana na mpana, na karibu na kloaka. Ndipo ukate kati ya mafundo mawili ya kila sehemu. Bila uzi, minyoo wa tumbo watamwagikia utumboni, nawe utaandika anwani ya uongo kwa nia njema.

Weka kila kiungo kwenye kisahani chake chenye maji ya chumvi na lebo ya penseli: mapafu, ini na nyongo, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana, na cha mwisho cha mabaki ya uwazi wa mwili. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli, ilhali penseli hudumu.

Hatua hii imefanikiwa ukiwa na visahani 6 vyenye lebo na hakuna utumbo uliopasuka.

## Hatua ya 5: Kutafuta, kiungo kwa kiungo

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kila kiungo kina wakazi wake, na ukijua unayemtarajia utamuona.

Tumbo. Lipasue kwa urefu na uondoe mabaki ya wadudu taratibu. Wenyeji wakubwa hapa ni Physaloptera na jamaa zake Abbreviata: minyoo duara wanene, weupe au wa pinki, wa sentimita 1 hadi 4, waliozamisha vichwa kwenye ukuta wa tumbo. Mjusi huwapata kwa kula panzi, nyenje au mbawakawa waliobeba mabuu. Usiwavute. Kichwa chenye meno, ambacho ndicho kitambulisho, kitabaki ukutani. Mwache kwenye maji ya chumvi yenye uvuguvugu nusu saa, wengi watajiachia wenyewe. Asiyejiachia, kata kipande cha ukuta wa tumbo pamoja naye.

Chunguza pia wadudu walioliwa. Mbawakawa na mende wana minyoo yao, na wakishasagwa tumboni minyoo hao huonekana kama ni wa mjusi. Mnyoo aliyekutwa ndani ya kipande cha mdudu, au mmoja tu aliye nusu kameng'enywa, usimhesabu.

Utumbo mwembamba. Ufungue kwa mkasi chini ya maji. Tegu wa jenasi Oochoristica ndiye wa kawaida kwa mijusi walao wadudu, naye huja kupitia mbawakawa. Anaonekana kama utepe mweupe wenye pingili. Kichwa chake ni kidogo sana, kina vinyonyeo 4 na hakina kulabu. Vilevile usimvute. Kata utumbo sentimita moja kila upande wa alipojishikiza, weka kipande chote kwenye maji ya chumvi, na usubiri. Tegu bila kichwa anaweza kuhesabiwa kuwa tegu, basi.

Baada ya hapo kwangua ute wa ukuta kwa ukingo wa slaidi, utikise ndani ya maji, uache utulie dakika 10, umwage maji ya juu, na urudie mpaka maji yawe maangavu. Chunguza mashapo kidogo kidogo. Minyoo wadogo hupatikana hapa na si kwa macho matupu.

Utumbo mpana. Mara nyingi hapa ndipo penye wingi. Minyoo wa familia ya Pharyngodonidae, ambao ni jamaa wa minyoo wa mkundu wa watoto, wana mzunguko rahisi: mjusi humeza yai kutoka kwenye udongo au kinyesi, hakuna mdudu wa kati. Majike ni wa milimita chache, wana mkia uliochongoka. Madume ni wadogo zaidi na hukosekana kwenye makusanyo mengi kwa sababu tu mkusanyaji hakutazama mashapo. Wakati huohuo dume ndiye anayetoa jina, kwa umbo la mkia wake na kisindano kimoja cha kupandia. Usiondoke hapa mpaka uwe na madume kadhaa.

Kwa mijusi walao majani idadi ni kubwa zaidi. Dhabu wa Oman na Bara Arabu, Uromastyx aegyptia, anaweza kubeba umati wa minyoo hawa katika utumbo mpana, wa spishi zaidi ya moja pamoja. Ukikuta umati, usihesabu kwa kukisia. Koroga yaliyomo kwenye maji ya chumvi yafike mililita 100, chota mililita 10 huku ukikoroga, hesabu, zidisha kwa 10, na uandike kwamba ni makadirio.

Kwa agama tafuta pia Strongyluris brevicaudata. Ni mkubwa kuliko hao, mwili umenyooka na mgumu kidogo, na dume lina kinyonyeo cha duara mbele ya mkundu.

Ini, uwazi wa mwili na ukuta wa tumbo upande wa nje. Vifuko vidogo vyeupe si mafuta mpaka uvifungue. Ndani yake waweza kukuta mabuu wa Physaloptera, mabuu wa tegu wa jenasi Mesocestoides wanaosubiri mnyama mla nyama amle mjusi, au wachanga wa akanthosefala, kundi la minyoo wenye pua ya kulabu, pua hiyo ikiwa imekunjwa ndani. Kwa hao wote mjusi ni kituo cha njiani tu, na ripoti lazima iseme hivyo: "mabuu", wala si minyoo waliokomaa.

Mapafu. Yapasue chini ya maji. Mijusi wa usiku wa jenasi Hemidactylus hubeba Raillietiella, mwenye mwili wa pete pete na kulabu 4 kuzunguka mdomo. Ni jamaa wa mbali wa kamba na kaa, si mnyoo, japo huorodheshwa pamoja na minyoo kwa desturi. Mshike kwa glavu: mayai ya kundi lake ni hatari kwa mtu, hasa ya wale wa nyoka.

Andika sifuri pia. "Mapafu: hakuna" ni matokeo. Nafasi iliyoachwa tupu ni siri isiyojibika.

## Hatua ya 6: Joto

Hii ndiyo hatua inayoshindwa kuliko zote. Mnyoo duara akitupwa hai kwenye fomalini au ethanoli baridi, misuli yake hujikaza, akajiviringa na kukauka hivyo. Hapo urefu haupimiki, mkia hauonekani, na hakuna dawa ya kumnyoosha baadaye. Joto humuua kwa sekunde moja, kabla misuli haijajikaza.

1. Msafishe mnyoo kwenye maji ya chumvi safi mara mbili, ukimwondolea uchafu kwa brashi. Kibano kibaki mezani, maana alama yake haifutiki.
2. Mhamishe kwa brashi hadi kwenye kisahani chenye maji ya chumvi machache sana.
3. Pasha moto ethanoli 70% hadi nyuzi 60 au 70 za Selsiasi. Usiiweke juu ya jiko wala karibu na mwali. Mvuke wake hushika moto ghafla. Jaza chupa ya chai maji yaliyochemka, mimina maji hayo kwenye bakuli, na usimamishe ndani yake bomba la glasi lenye ethanoli na kipimajoto. Kambini njia hii inatosha kabisa.
4. Mmwagie mnyoo ethanoli hiyo yote kwa mara moja.

Umefanikiwa ukiona mnyoo amenyooka ghafla, au amebaki na mkunjo mwepesi kama upinde. Akijiviringa, ethanoli ilikuwa imepoa. Jaribu kwanza na mnyoo mmoja wa spishi iliyo nyingi, kisha wengine.

Tegu na akanthosefala wana utaratibu mwingine. Tegu mweke kwenye maji baridi matupu, kwenye jokofu, saa moja au zaidi mpaka asijikunje ukimgusa, kisha mmwagie fomalini 10% ya moto. Akanthosefala mtoe kwenye kifuko kwa sindano mbili, mweke kwenye maji matupu ya baridi usiku kucha. Maji yatamwingia na kuisukuma pua nje. Bila pua iliyotoka na kulabu zake kuhesabika, huna kitambulisho. Pasipo jokofu, chombo kilichofungwa kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini penye upepo kinasaidia.

## Hatua ya 7: Kuhifadhi kwa umbo na kwa DNA

Usiwatie wote kwenye chupa moja. Walio wengi waende kwenye ethanoli 70% yenye glisarini. Wachache waende kwenye ethanoli ya 96%, moja kwa moja kutoka maji ya chumvi, bila kupitia fomalini hata kidogo, na bila kupashwa moto.

Kwa mnyoo mkubwa kama Physaloptera, kata kipande cha katikati kiende kwenye DNA, na kichwa pamoja na mkia wa mnyoo yuleyule vihifadhiwe kwa hadubini, chupa zote mbili zikiwa na namba moja. Hapo mfuatano wa DNA utakuwa na sura. Ukimsaga mnyoo mzima, utabaki na herufi za DNA zisizo na mwenyewe.

Lebo iwe ndani ya chupa. Mfano wa inayotosha: "Mjusi namba 17. Heliobolus spekii, dume, mm 58. Utumbo mpana. Minyoo duara 9. Tsavo Mashariki, GPS, tarehe, jina la mkusanyaji."

## Hatua ya 8: Kumtazama

Mweke mnyoo kwenye tone la laktofenoli juu ya slaidi na umfunike. Wadogo wa Pharyngodonidae huwa waangavu ndani ya nusu saa, Physaloptera mkubwa anaweza kuhitaji siku nzima. Ukiona giza katikati ya mwili, hajawa tayari, usiongeze mwanga kwa pupa. Asiye na laktofenoli aweke minyoo kwenye kisahani cha ethanoli yenye glisarini, akifunike nusu, na kuacha ethanoli ivukize kwa siku kadhaa.

Pima na uchore: urefu na unene wa mwili, umio, pete ya neva, tundu la utoaji taka, tundu la uzazi la jike limekaa wapi, mkia, mayai, na kwa dume vile visindano na vinundu vidogo vilivyozunguka mkundu. Mchoro wa mkono una faida kuliko picha moja, kwa kuwa unakulazimisha kushusha na kupandisha lenzi.

Maswali matatu yatakufikisha kwenye familia mara nyingi. Je, umio unaishia na tufe lenye vali? Elekea Pharyngodonidae, au Strongyluris kama dume lina kinyonyeo mbele ya mkundu. Je, kichwa kina midomo miwili mikubwa yenye meno na ngozi iliyojikunja kama kola? Ni Physaloptera au jamaa zake. Je, hana umio wala utumbo kabisa? Huyo ni tegu au akanthosefala. Ukifika kwenye jenasi na vipimo vikakataa kulingana na spishi yoyote, andika jenasi na "sp." Jina la kubahatisha litanakiliwa na watu kumi baada yako.

Tegu huhitaji kutiwa rangi ya kamini ili viungo vyake vya uzazi vionekane. Kazi hiyo ifanye na fundi wa maabara aliyeizoea.

## Hatua ya 9: Hesabu tatu, zisichanganywe

Tuseme umechunguza agama 12. Watano wana mnyoo fulani, kwa idadi ya 2, 3, 4, 7 na 44. Jumla ni minyoo 60.

- Kiwango cha maambukizi: 5 kwa 12, yaani 41.7%.
- Wastani kwa mjusi aliyeambukizwa: 60 kwa 5, yaani 12.
- Wastani kwa kila mjusi aliyechunguzwa: 60 kwa 12, yaani 5.

Wengi huandika "wastani wa minyoo" bila kusema upi. Maana za maneno haya ziliwekwa sawa na Bush na wenzake katika Journal of Parasitology mwaka 1997, nazo ndizo wahariri wanazozitarajia.

Angalia tena ile 44. Mjusi mmoja amebeba karibu robo tatu ya minyoo wote, na hiyo ni kawaida ya vimelea, si kosa la kuhesabu. Usimwondoe kwa kudhani ameharibu takwimu. Toa pia kipimo cha kati cha walioambukizwa, ambacho hapa ni 4, na orodhesha idadi zote.

Na kama hukupata mnyoo yeyote? Mijusi 10 wasafi hawathibitishi kitu. Ukichunguza 30 na wote wakawa wasafi, unaweza kusema kwa uhakika wa karibu 95% kwamba maambukizi hayazidi takriban 10%. Chini ya hapo andika tu "hatukupata".

## Njia ya kinyesi, kwa asiyeua

Toa ile sehemu nyeupe ya kinyesi, ni mkojo uliokauka. Ponda sehemu nyeusi kwenye maji yaliyoshiba chumvi: ongeza chumvi kwenye maji ya moto mpaka nyingine ibaki chini bila kuyeyuka, kisha yapoe. Chuja kwa chujio la chai, jaza bomba mpaka maji yavimbe mdomoni, weka kifuniko cha slaidi juu, ngoja dakika 15, kiinue wima na ukiweke kwenye slaidi. Tazama papo hapo kabla chumvi haijaganda.

Mayai marefu, mara nyingi yaliyobapa upande mmoja, ni ya Pharyngodonidae, lakini minyoo wa mende na mbawakawa walioliwa nao hutaga yanayofanana, na hupita salama ndani ya mjusi. Yai la mviringo, lenye ganda nene na buu aliyejikunja ndani, laelekea kuwa la Physaloptera. Kinyesi kimoja kisicho na mayai si ushahidi wa mjusi msafi. Mweke kwenye mfuko usiku mmoja, kusanya tena, kisha mrudishe palepale ulipomkamata.

## Hatua ya 10: Vielelezo viende wapi

Kabla ya kutuma makala, peleka minyoo makumbusho ya taifa au kwenye mkusanyiko wa chuo unaotunzwa, pamoja na mjusi mwenyewe, na upewe namba ya usajili. Mjusi na minyoo wake waandikwe kwa namba zinazorejeleana. Majina ya mijusi hubadilika: agama aliyeitwa Agama agama miaka ya nyuma hapa Afrika Mashariki mara nyingi leo ni Agama lionotus, na bila mwili wake hakuna awezaye kujua minyoo wako walikuwa wa nani. Kaza vifuniko, na kila mwaka mtu apite kuongeza ethanoli.